Damu Langoni mwa Zizi

Kaka yangu mkubwa amezaliwa kati ya ng'ombe, amekulia kati ya ng'ombe, na bado siku ya kupokea wakwe alichinjia dume langoni mwa zizi. Uvivu mtupu! Eti kule mbali kuna jua. "Kaka, ng'ombe watapita hapa," nilimwambia, ndiyo kwanza nimeshuka kwenye bodaboda kutoka Bariadi. Akanijibu nimwachie mambo yake, watarudi jioni, damu atakuwa ameshaifukia.

Mawingu yakamuumbua. Radi zilipoanza kunguruma, mchungaji aliwarudisha ng'ombe mapema, na damu bado iko wazi. Mama alikuwa palepale kwenye kigoda, anaosha utumbo. Goti lake bovu. Bila mtu wa kumshika hainuki.

Anayefuga anajua. Ng'ombe akinusa damu ya mwenzake, upole wote unamtoka. Analia kilio kizito cha kukokota ambacho siku nyingine husikii, wenzake wanakipokea, wanaparura ardhi, wanapigana pembe, na aliyekaa hapo shauri yake.

Kilio hicho ndicho nilichokisikia. "Mayu, inuka!" nikampigia mama kelele, nikakimbia, khanga ikadondoka, sijali. Kundi zima lilikuwa linakuja mbio. Kaka na fimbo yake wakaruka uzio. Nilimfikia mama, nikamshika kwapani, hanyanyuki. Niliogopa jamani, siwafichi.

Aliyetangulia alikuwa jike mweusi, mama wa lile dume. Alisimama mbele yetu, povu mdomoni, akashusha pembe. Mama akaanza kumsemesha kwa Kisukuma, taratibu, maneno yale anayomwambia kila asubuhi akimkamua. Akamnyooshea mikono, na mikono yenyewe imejaa damu. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, yule jike alikuwa anainusa. Akainusa tena, kuanzia vidole mpaka viwiko. Kisha akainua kichwa, akalia juu ya mama, akageukia ile damu. Wengine wakamfuata, wakaanza kupigana pale, huku mimi namburuta mama hadi ukutani mwa nyumba.

Kesho yake mama alichukua ndoo akachechemea kwenda kumkamua yule mweusi. Hakukawia. Alirudi na ndoo tupu, pajani ana alama ya kwato.

"Nenda wewe," aliniambia, akakaa chini, akalia. "Mimi amenijua."