Uji wa Mama Kahindo

Nilikuwa na miaka tisa vita vilipotutoa Nyamitaba na kutufikisha Mubi. Tulikuwa watatu: Tate, yaani nyanya yetu; dada yangu Furaha, wa miaka kumi na tisa; na mimi. Mama alikufa mguu umevimba, wiki moja baada ya kunizaa. Kwetu walisema ni karuho, sumu inayoua polepole, na sikuwahi kusikia sababu nyingine.

Mama Kahindo, mjane wa Butembo aliyeuza chumvi na sabuni, alitupa chumba nyuma ya duka lake. Asubuhi moja Furaha aliamka, akafunika jicho moja, kisha la pili.

"Tate, hii jicho inaona giza tu."

"Inakuuma?"

"Hapana. Njo ile inaniogopesha."

"Jana ulikunywa kwa nani?"

"Uji ya Mama Kahindo. Tunakulaka kwa nani mwingine?"

Mama Kahindo alikuwa amesikia jina lake, akaja kusimama mlangoni. Tate akanigeukia. "Na wewe ulikunywa?"

Tulikuwa tumekunywa kikombe kimoja, nusu yake, nusu yangu. Lakini nilijua nikikubali nitatapishwa kwa majani machungu mpaka jioni.

"Hapana, Tate."

Kabla ya saa sita majirani walikuwa wamejaa mlangoni.

"Nimupe sumu nipate nini?" Mama Kahindo aliwauliza. "Sufuria yao yenye kutoboka?"

Wawili walicheka, lakini chumvi yake ilimwagwa matopeni. Alifukuzwa kwa miguu kuelekea Walikale, ambako risasi zilisikika tangu juzi yake. Hatukupata habari zake tena. Furaha alitapishwa siku tatu, jicho halikupona.

Mwaka jana nilimzaa binti yangu, na mguu wangu ukavimba. Daktari aliniuliza juu ya jamaa zangu, nikamweleza. Akasema damu yetu huganda upesi, tunairithi, na inaweza kuziba hata mshipa mdogo wa ndani ya jicho. Akataka Furaha naye apimwe. Ilinibidi nimweleze dada kwa nini, na nilipoanza sikuweza kuacha katikati.

Furaha alinisikiliza akiwa amempakata mtoto.

"Na wewe ulikunywa," alisema.

"Ndiyo, dada."

Hakunigombeza. Alinirudishia mtoto, akatoka.

Watu huniambia nilikuwa mdogo. Ni kweli. Lakini Tate aliponiuliza, nilijua jibu, na nilimwona Mama Kahindo amesimama pale akiningojea niseme.