Wiki Tatu za Kumfanya Mama Mgeni

Mama alikuja Mwanza kutibiwa macho, na mimi nikaapa moyoni kwamba harudi tena Kagera. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kule kwenye kibanja chetu cha migomba mama alibaki peke yake, na mimi huku Mkolani usingizi siupati nikimfikiria. Macho yalipona, ubishi haukupona. Kila nikimwomba abaki, jibu lilikuwa lilelile: "Hapa ni kwenu, mwanangu. Nyumbani ni pale alipolala baba yako."

Aliniudhi, siwezi kuficha. Nyumba nimeijenga kwa jasho langu juu ya mawe haya, halafu mama mzazi anaiita "kwenu". Nikasema huyu nitamlainisha tu. Nikamtunza kama askofu aliyekuja kutoa kipaimara: chai kwenye trei, maji ya moto bafuni, kochi la peke yake. Akishika ufagio, namnyang'anya. Akisogelea jiko, namrudisha. Wiki tatu alikaa hivyo, na nguo zake zikabaki mkobani kama za mtu anayeondoka kesho.

Jumamosi moja ikafika zamu yangu kupokea jumuiya. Sisi Wakatoliki husali nyumba kwa nyumba na majirani, na mimi sipendi kuaibika mbele ya majirani. Nikakimbilia Igogo kutafuta sato. Nikachelewa vibaya. Niliporudi, samaki wananidondoshea maji miguuni, nilisikia vicheko tangu barabarani.

Jumuiya nzima ilikuwa imeshaketi. Mama amejifunga kanga yangu ya jikoni, anampitia kila mtu na kisahani cha kahawa kavu ya kutafuna aliyotoka nayo kwao. "Karibuni, karibuni nyumbani." Majirani Wasukuma walikuwa wanatafuna huku wamekunja nyuso kwa ule uchungu, lakini hakuna aliyethubutu kutema. Nilibaki mlangoni nimeduwaa. Kwetu Wahaya mgeni hupewa kahawa, hagawi. Anayegawa ni mwenye nyumba.

Nikamfuata jikoni, nikakuta ndizi zinachemka.

"Mama, si nilikuambia upumzike?"

"Nimepumzika mpaka mgongo unauma." Hakunitazama hata, anakagua samaki. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe wiki tatu hujanipa hata ufagio. Ningejuaje kama hapa ni kwetu?"

Ubishi wote uliniishia. Kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyemfungia mlango, tena kwa trei ya chai. Nilicheka, machozi yakanitoka, nikampa kisu akaanza kupara samaki.

Kwenye sala ilisomwa Injili ile Yesu anapowaambia wanafunzi kwamba nyumbani mwa Baba yake kuna makao mengi. Mwenyekiti wa jumuiya akauliza nani ana neno la kushirikisha. Hapo ndipo huwa tunainama kukagua viatu vyetu. Mama akasimama.

"Mimi nilidhani nyumbani ni mahali pamoja tu, pale alipolala mume wangu," alisema. "Pale ni kwangu bado. Na hapa ni kwangu pia, huyu binti amechelewa tu kuniruhusu. Kwa Baba wa mbinguni ndiko kwetu hasa." Akajifunga kanga vizuri. "Ila huko sina haraka."