Mfupa wa Kusagia Wimbi

Mwezi uliopita niliteleza kwenye ngazi za kanisa nikaangukia mkono wa kulia, na binti yangu akanikokota hadi hospitali mjini Kisii nikapigwe picha ya eksirei. Daktari alikuwa kijana mpole, umri wa mjukuu wangu. Alinionyesha mkono wangu kwenye kompyuta, mifupa mitupu, myeupe kama imeoshwa. "Haujavunjika, mama," akasema. "Kuna ufa mdogo tu hapa." Akaanza kunieleza taratibu, jinsi vijana wanavyotueleza siku hizi, kwamba kwenye kifundo cha mkono kuna vifupa kadhaa. Nikamkatiza. "Ni vinane," nikamwambia. "Na kile cha nane, kile cha upande wa kiganja, kiko salama?" Akageuka akanitazama. Akaniuliza kama niliwahi kuwa nesi. Nikamjibu kwamba hapana, mimi nilikuwa nikisugua mifupa. Binti yangu alicheka kwa aibu, nadhani alidhani nimeangukia na kichwa pia.

Daktari alikuwa na foleni ndefu mlangoni, sikuweza kumsimulia. Wewe una nafasi, kaa nikueleze.

Nilizaliwa upande wa Tabaka, kwenye vilima ambavyo ukichimba shamba lako unakutana na jiwe laini kabla hujapumzika mara mbili. Baba alikuwa mchongaji. Alichonga bakuli, vinara vya mishumaa na viboko wanene ambao hakuwahi kuwaona kwa macho, na mfanyabiashara wa mjini alikuwa akija kuvichukua. Kuchonga ilikuwa kazi ya wanaume. Kusugua ilikuwa yetu, mama na mimi. Tulikaa chini na karai la maji, tukasugua kila kitu kwa msasa ndani ya maji hadi kikawa laini kama shavu la mtoto. Asubuhi za Julai maji yale yalikuwa na baridi ya kung'ata, na vidole vyangu vilikunjamana vikawa vya kizee nikiwa na miaka kumi na miwili. Vumbi jeupe lilikuwa kila mahali, kwenye majani ya migomba, kwenye nywele za baba, hata kwenye chai.

Kulikuwa na jambo moja nyumbani ambalo halikuzungumzwa. Nyanya, mama yake baba, aliishi kwenye nyumba yake ng'ambo ya migomba, na alikuwa amekataa kula chakula chetu. Sababu ilikuwa shimo. Jiwe zuri la rangi ya waridi lilikuwa limejitokeza kwenye shamba lake la wimbi, na baba akaanza kuchimba pale akisema atachukua kidogo tu. Kidogo hicho kiliendelea kukua. Shimo likala mistari ya wimbi mmoja mmoja, hadi msimu ambao nyanya hakuwa na pa kupanda. Hakupiga kelele wala kumlaani mtu. Alisema tu kwamba hataonja kitu kilichotoka kwenye mkono wa mtu wa mawe. Hilo ndilo jina alilompa mwanawe tangu siku hiyo.

Mama alikuwa akinituma kwake kila jioni na obokima, ugali wetu, uliofunikwa kwa jani la mgomba, na mboga ya chinsaga juu yake. Nyanya aliuliza swali lilelile kila siku: "Kimetoka wapi?" Nikisema nyumbani, alikirudisha jinsi kilivyokuja, bado kimefunikwa. Nikidanganya kwamba kimetoka kwa jirani, alinitazama tu hadi niseme kweli. Alikula viazi vyake na ndizi za kuchoma, akaendelea kukonda. Niliogopa sana, nakiri. Kwetu mzazi akifa na kinyongo juu ya mwanawe, kinyongo hicho hakizikwi naye, na hata sisi tulioenda kanisani kila Sabato tulilijua hilo. Mama aliacha kuimba akipika.

Mwaka huo darasa letu la saba lilipata mwalimu mpya wa sayansi, kijana kutoka upande wa Nyamira, mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi ingeweza kukata mkate. Alitufundisha mifupa. Tuliikariri kwa Kiingereza tukiimba, kuanzia fuvu hadi kidole kidogo cha mguu, tukijua majina yote na bila kujua hata mfupa mmoja uko wapi. Mwalimu aliliona hilo. Tena alikuwa amesikia kwamba mkaguzi wa shule atapita kabla ya mtihani. Jumapili moja akaja kwetu na kitabu kwapani, akamfungulia baba ukurasa wenye mchoro wa mkono. Akamwomba atuchongee mkono ule, mfupa kwa mfupa.

Baba aliupapasa ule ukurasa kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi siwezi kuchonga kitu nisichokishika. Karatasi haina mgongo." Lakini alikuwa ameshachokozwa, niliona. Viboko walikuwa wamemchosha.

Alianza kwa kupapasa mkono wake mwenyewe, akakata tamaa upesi kwa sababu ulikuwa na sugu kama kwato. Wa mama ulikuwa mnene, wangu bado ulikuwa unakua. Mkono ambao mifupa yake ilionekana moja kwa moja ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa ng'ambo ya migomba. Kwanza, hawakuwa wakisemezana. Pili, hata kama wangekuwa wakisemezana, mwanamume mzima kukaa akipapasa mkono wa mama yake ilikuwa aibu, watu wangesemaje? Mjukuu ndiye aliyekuwa huru na nyanya. Tulitaniana, tulilala kitanda kimoja, aliniita mke mwenzake. Kwa hiyo baba alinituma mimi.

"Nenda ushike mkono wake," akaninong'oneza. "Uniletee ukiwa kichwani mwako."

Basi nikawa napeleka habari za mifupa. Nilikaa na nyanya juani, nikauchukua mkono wake kama ninayecheza, nikafuata pingili za vidole moja baada ya nyingine, nikapima kwa ukucha wangu. Kisha nilikimbia katikati ya migomba kabla sijasahau. Baba alinifumbisha macho, akaniwekea jiwe kiganjani. "Hapana," nilimwambia, "ule ni mwembamba katikati, halafu unavimba mwishoni." Alikwaruza kwa kisu, akaniwekea tena. Sijawahi kujiona mtu wa maana kama wiki zile. Vile vidogo vya kifundo havikupapasika vizuri, hivyo alivichukua kwenye kitabu, akikisia mgongo wa kila kimoja. Mimi nilivisugua vyote karaini.

Nyanya hakuwa mjinga. Siku ya nne aliniuliza, "Mke mwenzangu, mbona unanipapasa kama kuku wa sokoni?" Nikasema ni kazi ya shule. Akauficha mkono wake ndani ya leso. Lakini kesho yake nilimkuta ameshaosha mikono, ameiweka magotini, akinisubiri.

Siku ya kukabidhi mwalimu alikuja akatandaza gazeti uani, akaipanga mifupa akihesabu kwa sauti. Pingili kumi na nne. Mifupa ya kiganja mitano. Vya kifundo saba. Akarudia. Kitabu kilisema vinane na jumla ishirini na saba, na kwenye gazeti vilikuwa ishirini na sita. Baba alihesabu kwenye mchoro, naye akapata ishirini na sita. Mwalimu akasema maandishi ya kitabu hayawezi kukosea. Baba akasema basi kuna mtu amepoteza kimoja. Wote wakanigeukia.

Nilimwaga karai lote kwenye chekeche. Nilichekecha tope, nikatambaa kwenye majani, nikapekua hadi kinyesi cha kuku. Mama alinisaidia. Hatukupata kitu, na baba akasema neno ambalo lilinichoma kuliko kiboko: "Nilidhani wewe una mikono." Nilikimbia hadi kwa nyanya nikalia, nikamwambia yote, kitabu, mawe, mkaguzi, na kwamba mkono wa shuleni ulikuwa wake.

Alikuwa amekaa kwenye jiwe lake la kusagia, akisaga debe la mwisho la wimbi wa zamani. Hakukasirika. Aliacha kusaga, akageuza kiganja chake juu, akaniwekea kidole kwenye kona ya chini, upande wa kidole kidogo. Palikuwa na kifupa, kidogo kama punje ya maharage. Kilikuwa kimejificha nyuma ya kingine, na ukiutazama mkono kwa mgongoni, kama ulivyochorwa kitabuni, hukioni kamwe.

"Huu ndio unaosaga," akasema. "Ukisukuma jiwe, uzito wote unakaa hapa. Jioni ndio unaouma. Mtu wa mawe angeujuaje, amewahi kusaga lini?"

Nikanyanyuka kukimbia. Akanishika sketi. "Huu hutaubeba wewe. Mwambie aje mwenyewe."

Baba alikataa. Alikataa Jumatatu, akakataa Jumanne. Alijaribu kuchonga kwa maelezo yangu, akatoa kitu kama jino la mbuzi, akakitupa. Mwalimu alituma ujumbe kwamba mkaguzi anakuja Ijumaa. Sidhani ni mkaguzi aliyemsukuma. Jumatano mchana baba aliosha uso, akavua shati la vumbi akavaa jingine, akapita katikati ya migomba. Mimi nilimfuata kwa nyuma, na hakunifukuza.

Hakuingia ndani. Alichuchumaa nje, mbele ya lile jiwe la kusagia, akatazama chini. Nyanya naye alitazama upande wa shimo. Kisha akanyoosha mkono. Baba alifuta kiganja chake kwenye suruali mara mbili, tatu, ndipo akaupokea.

"Hapo," nyanya akasema. Akakilegeza kifundo. "Sukuma kwa kidole gumba. Unacheza?"

"Unacheza."

"Huo ndio uliokulisha."

Baba akauinamia mkono ule. Aliendelea kuushika, akiupeleka huku na huku, na nilijua, kwa sababu kazi ile nilikuwa nimeifanya mimi, kwamba alishajua umbo lake zamani na bado hakuuachia. Sikuwahi kuwaona wamegusana.

"Haya, nirudishie mkono wangu," nyanya akasema. Halafu, kwa sauti ileile, "Shimo limefika wapi?"

"Kwenye mgomba wa tatu."

"Lisimame hapo."

"Litasimama."

Ndiyo yote waliyosema. Baba alirudi akakaa chini, akachukua kipande cha jiwe la waridi la shimo lile, akachonga bila kuinua kichwa. Alichonga viwili, vya kufanana. Nilidhani kimoja ni cha majaribio. Vyote viwili alivisugua mwenyewe. Jioni ile mama alinituma na obokima kama kawaida. Nyanya alifunua jani, akanawa, akamega. Hakuuliza kimetoka wapi.

Mkono ulitobolewa kwa msumari, ukaunganishwa kwa waya, ukaning'inizwa darasani karibu na ubao. Mkaguzi aliushika akasema hajaona kitu kama hicho, na mwalimu wetu alirefuka siku ile. Kwenye mtihani tuliulizwa juu ya meno.

Sasa nikienda nyumbani siutambui mji wetu. Shimo limejaa maji na vyura. Wimbi hakuna anayepanda, unga unanunuliwa dukani kwenye pakiti, na jiwe la kusagia limewekwa mlangoni watu wakanyage wakitoka matopeni. Ule mkono ulikaa shuleni miaka michache. Waya ulipokatika wasichana walichukua pingili wakachezea, wavulana wakazifanya gololi, na darasa lenyewe likabomolewa likajengwa upya. Nilipita pale mwaka juzi nikatafuta kwenye nyasi, mzee mzima, kama ninayetafuta sindano. Nilirudi na viatu vyenye tope tu.

Nyanya alifariki miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nikiwa nimeshaolewa upande wa Kiogoro. Alikuwa amekula kwetu miaka yote hiyo. Nilikuja tukamwosha, mama na mimi. Kwenye pembe ya leso yake, pale alipokuwa akifunga ugoro, kulikuwa na fundo dogo gumu. Mama alilifungua, kikaanguka kijiwe cha waridi kama punje ya maharage, kimesuguliwa hadi kinang'aa, na si kwa msasa tu, bali kwa kushikwa miaka yote hiyo. Mama alitaka kukiweka kando. Tulimwonyesha baba aliyekuwa amesimama nje. Alikitazama, akakizungusha kwa kidole gumba kama siku ile, kisha akatugeuzia mgongo, mabega yakitikisika. Alipogeuka alinipa nikirudishe kwenye fundo.

Tulimzika kwenye ukingo wa shamba lake la wimbi, karibu na mgomba wa tatu. Nilisugua mifupa ishirini na sita, na yote imepotea. Na kati ya ile miwili ambayo sikuisugua mimi, mmoja najua uliko.