Wachawi wa Rangi ya Kucha

Hadi leo nikisikia harufu ya rangi ya kucha, hata nikiwa saluni kwa watu, vidole vyangu hutafuta mchawi wa kumpaka. Msinicheke kwanza, nisikilizeni.

Tulikuwa tunaishi Kiwalani, na mjomba wangu Hamisi alikuwa anauza midoli ya mtumba. Siku moja alikuta chini ya robota vizee vya chuma, kila kimoja na urefu wa kidole gumba: ndevu hadi magotini, kofia ndefu iliyochongoka, fimbo mkononi. Walikuwa wachawi wa mchezo wa mezani wa Wazungu, wa zamani mno, rangi zimewabanduka. Wateja waliwakataa, nani atamnunulia mwanawe mchawi? Mjomba akanipa mimi, nikawapenda kuliko wanasesere wote niliokuwa nao.

Dada yangu Zuhura alikuwa na chupa za rangi ya kucha. Brashi yangu ilikuwa njiti ya kiberiti niliyoitafuna ncha. Kanzu nilizipaka nyekundu, ndevu nikazipaka fedha ya kumeremeta, maana nyeupe Zuhura hakuwa nayo. Mimi na watoto wenzangu tuliwachezea jamvini kwa dadu la ludo: ukipata sita unaua, ukipata moja unageuzwa chura. Sheria tulizitunga wenyewe, na ugomvi pia.

Shida ikawa pa kuwaanikia. Mama alisema harufu ile inamuumiza kichwa, kwa hiyo nikawapanga juu ya ukuta mfupi uliotutenganisha na jirani yetu Bi Mwanaidi, muuza samaki. Sikufikiria kabisa kwamba nyuso zao zilielekea mlangoni kwake.

Bi Mwanaidi alikuwa na tabia moja: akimaliza kuosha samaki, maji anayamwaga upande wetu. Mama alishamwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamshtaki hata kwa mjumbe. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi ile alitoka na beseni lake, akakuta wazee wenye fimbo wanamtazama. Akarudi ndani kinyumenyume, na beseni lake. Baadaye akaja kwetu, ananukia ubani mwili mzima.

"Mama Zuhura," akasema taratibu, "sie majirani. Kama kuna ishu, si tunaongea tu?"

Nyuma ya pazia nikaanza kulia. Mama hakutaka hata neno uchawi litajwe nyumbani kwake. Nilijua wachawi wangu wanakwenda jalalani.

Mama akautazama ukuta, akamtazama jirani.

"Hakuna ishu, Bi Mwanaidi. Labda yale maji tu."

Maji hayakumwagwa tena. Jioni nilikwenda kuwatoa wachawi niwafiche chini ya kitanda, Mama akanizuia.

"Waache hapohapo, hawajakauka."

Walikuwa wamekauka tangu asubuhi. Walikaa pale jua na mvua mpaka tulipohama, nami miaka yote hiyo nilidhani Mama hajui mambo ya rangi. Nilipopata nyumba yangu na jirani yangu ndipo nikaelewa. Mama hakuuamini uchawi hata chembe, ila alijua vizuri kwamba Bi Mwanaidi anauamini.