Bibi na Swali la Ziwa la Chumvi

Asubuhi hii, kwenye lile kundi letu la simu la tuliosoma pamoja, mtu katuma swali la chemsha bongo, kama kawaida yake ya kila siku. Sijamaliza hata kulisoma, jibu hili hapa, tena limeshapigiwa vidole gumba chungu nzima. Nikacheka, halafu nikamkumbuka bibi yangu.

Ndugu yangu, shuleni kijijini kwetu Kinampanda swali halikujibiwa upesi hivyo. Mwalimu aliliandika ubaoni jioni, nasi tukalibeba kichwani hadi nyumbani. Kesho yake mstarini unatoa jibu na kumtaja aliyekwambia: baba, shangazi, hata muuza duka. Ukipatia, shule nzima inampigia mtu huyo makofi, hata kama yuko shambani kwake.

Bibi aliyenilea hakuwahi kukaa darasani, na makofi hayo aliyataka kweli. Kila nikirudi, tukipiga alizeti kwa fimbo uani, ananiuliza, "Leo wamenipigia?" Wapi! Maswali yalikuwa ya miji ya Ulaya na marais wa huko. Bibi anasonya, anakwenda kusonga ugali wake wa uwele, na mimi roho inaniuma.

Siku moja likaja hili: taja ziwa la Tanzania lenye maji ya chumvi. Bibi akatupa fimbo chini. "Singidani! Mimi ni mzaliwa wa Mandewa, kando ya ziwa hilo, nimeoga humo. Sabuni haitoi povu, na ukikauka ngozi inakuwa nyeupe kama umepakwa majivu."

Mstarini nikatamka kwa sauti, "Singidani. Nimeambiwa na bibi." Mwalimu akaangalia kijitabu chake. "Kosa. Ni Natron." Shule nzima ikacheka. Machozi yakanitoka, maana waliyekuwa wanamcheka ni bibi.

Nikarudi nikamweleza yote. Asubuhi akajifunga kanga zake mbili, tukaongozana hadi mstarini, akasimama mbele ya mwalimu, kijana mgeni kutoka kusini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, umewahi kuoga Singidani?"

"Hapana, bibi."

"Na huyo aliyeandika kitabu chako?"

"Sijui, bibi."

"Basi mimi nimeoga."

Mwalimu akakitazama kijitabu, akamtazama bibi, akakifunga. "Nimekosea," akasema. "Maziwa ya chumvi ni zaidi ya moja. Mpigieni bibi makofi ya kilo!" Yalipigwa, jamani! Bibi alisimama wima, kidevu juu, hakucheka wala hakulia, akangoja mpaka yakaisha yote ndipo akaondoka.

Sasa bibi hayupo, na swali la ubaoni halipo tena. Mimi najua mambo mengi kuliko aliyoyajua yeye, wala sioni haya kulisema. Hata jibu la asubuhi hii nilikuwa nalijua. Tatizo ni kwamba nikilipata swali siku hizi, sina wa kumpelekea nyumbani.