Mlenda Kwenye Bomba la Baridi

Wenzake walirudi kutoka migodini Zambia na cherehani, baiskeli, redio. Mume wangu alirudi na baridi. Mzungu aliyekuwa bosi wake alikuwa anahama, akamwachia sanduku la chuma la kupuliza ubaridi, naye akalipakia kwenye lori juu ya magunia ya karanga mpaka Tunduma. Akatoboa ukuta wa sebule akalichomeka, akavuta waya kutoka jenereta ya mashine ya kusaga iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu.

Wifi yangu, dada yake, alicheka hadi kanga ikamdondoka.

"Kaka, yaani umetoka huko kote kutuletea baridi? Mwezi wa saba tungekugawia bure!"

Mwezi wa saba angekuwa na haki. Lakini huo ulikuwa Oktoba, jua linawaka juu ya bati na vumbi la malori linaingia mpaka kwenye ugali. Na Jumamosi ile wazee wa Iyula walikuwa wanakuja kumposa binti yangu wa kwanza. Nami sikuweza kunyamaza. Nilikuwa nimekwisha kutangaza sokoni kote kwamba wakwe zangu watakaa kwenye ubaridi kama mawaziri.

Tukaliwasha siku tatu kabla. Likanguruma, nyumba ikatetemeka, likatoa hewa ya moto kama mdomo wa chungu.

"Wifi," akasema yule mwanamke, "weka maharage hapo mbele, yataiva."

Mume wangu akamfuata fundi wa majokofu Mbeya, kijana wa Tanga mwenye adabu nyingi na mkoba mzito. Alifungua kifuniko, akagusa mabomba ya shaba yaliyojikunja humo ndani kama utumbo wa mbuzi.

"Shikamoo mama. Mashine ni nzima, ila gesi yake yote imetoka. Barabara imeitikisa, kuna mahali bomba limepasuka."

"Si ujaze nyingine?"

"Nikijaza kabla ya kuziba, kesho itakuwa imetoka tena. Na gesi niliyo nayo ni chupa hii moja. Ikipotea, mama, hata Mbeya kwa sasa haipo. Naomba sabuni. Naingiza gesi kidogo sana, napaka povu, panapovuja patatoa mapovu."

Sabuni! Nilimtazama kama mtu aliyeniomba dhahabu. Hiyo ndiyo miaka ambayo sabuni ilipotea madukani, sisi tunafulia majani ya mpapai na kumshukuru Mungu. Nikamtwangia hayo majani. Povu lake likateremka kwenye bomba kama maji, halikushika hata nukta. Fundi akapaka tena na tena, akakunja uso. Akafunga chupa yake.

"Bila kitu cha kushika, nitakuwa namwaga gesi bure."

Mume wangu alikaa kwenye kiti chake, akilitazama lile tundu. Mtu yule nilimjua. Asingelisema neno, lakini wakwe wangeingia wakaona tundu la ukutani na sanduku bovu, naye angelibeba hilo mpaka kaburini.

Wifi, mlangoni, akaona ndipo pa kumalizia. "Hamna kitu cha kushika? Si mpake mlenda!"

Wote wakacheka, hata fundi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuingia jikoni. Mlenda wa mchana ulikuwa kwenye kapu haujapikwa. Nikauponda, nikaukoroga na maji na magadi, nikauchuja kwa kitambaa, ukatoka ute unaovutika kutoka kijiko hadi sakafuni bila kukatika.

"Paka huu."

"Mama, hiki ni chakula."

"Paka, mwanangu. Bomba halina mdomo wa kukataa."

Akapaka kwa unyoya wa kuku. Akafungua gesi kidogo. Tukainama wote, vichwa vinagongana, na wifi kanibana shingo. Palepale kwenye kona bomba linapogeuka, ute ukafura. Kipovu kimoja, kikubwa, kikapasuka, kikaja kingine.

"Hapo!" wifi akapiga kelele kuliko sote. "Hapo, fundi! Si nilisema?"

Fundi aliitoa ile gesi kidogo aliyoingiza, akafuta mlenda wote, akasugua shaba kwa msasa mpaka ikang'aa, akaziba ufa kwa waya wa fedha aliouyeyusha kwa moto wa kupuliza. Akajaribu tena kwa mlenda. Ute ukatulia kama uji uliopoa. Ndipo akanyonya hewa yote kwa pampu yake, akamimina chupa iliyobaki. Sanduku likanguruma, na safari hii hewa iliyotoka ilinisimamisha vinyweleo vya mikono.

Jumamosi wazee wa Iyula waliingia na makoti yao mazito ya heshima, jasho likiwachuruzika. Wakaketi. Wakatazamana. Mzee mmoja akafungua vifungo, akafumba macho, akasahau kabisa kilichomleta. Posa ilisubiri. Mume wangu alikaa kifua mbele kama mwenye shamba la kahawa lote la Mbozi.

Mwishowe mzee akafumbua jicho moja.

"Binti tumempenda. Sasa na hili sanduku, linafuatana naye?"

"Binti anaolewa, mzee wangu," nikamwambia. "Baridi haiolewi. Ukiitaka, uje kututembelea sisi wakwe zako."

Akaja. Kila Oktoba, mpaka alipofariki, na hakuwahi kuleta sababu nyingine.