Heksani Iliyogoma

Roswitha Kretzschmar alikuwa fundi wa maabara mjini Leipzig. Kwa miaka ishirini na nane aliandaa fuwele za zeolaiti, madini yenye vitundu vyembamba mno hata molekuli za mafuta mepesi kama heksani hupita kwa kubanana. Albin Seifert, daktari mpya wa kemia, ndiye aliyepima kasi ya molekuli hizo. Jumatatu moja alimjia macho yakimeta.

"Bi Kretzschmar, heksani yetu haisogei kabisa mle ndani. Nimegundua kizuizi kipya. Nimeshaandika kurasa tatu."

"Hongera, Daktari. Ulipokwenda kula mchana, zeolaiti uliiacha wapi?"

"Pale mezani tu. Wazi."

"Basi hujagundua kitu, umeinywesha. Imefyonza unyevu wa hewani mpaka vitundu vimejaa maji. Sasa hiyo heksani ipitie wapi, dirishani?"

Albin akaiva uso kwa aibu. Roswitha akaikausha zeolaiti kwenye tanuri kali, akaingiza heksani upya, akaziba chombo kabisa hewa isiingie. Kesho yake molekuli zilikuwa zinakimbia. Albin alizichana kurasa zake mwenyewe, kisha akaleta keki ya jibini. Roswitha alikula vipande viwili bila kumtania, na wenzake wakajua amempenda.